Saa ya Pweza wa Bibi

Dikoni kwetu Tumbe, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, anayetangulia kufika ndiye anayetangulia kupewa barafu. Desturi hiyo haina mjadala, na mimi niliipenda mpaka nikaitungia programu. Wapokeaji samaki kila mmoja anaandika kwenye simu yake jina na saa ya anayefika, simu zinapeleka habari kwenye kompyuta yangu kuukuu, nayo inapanga nani kafika saa ngapi. Shule sikwenda nayo mbali, haya nilijifunza kwa video, lakini siku tuliyoanza nilijiona fundi kweli kweli!

Asubuhi ile mtandao ukakatika. Uliporudi, simu zote zikamwaga habari kwa mpigo. Kompyuta ikasema bibi yangu, aliyeleta pweza alfajiri watu wakimwona, kafika nyuma ya tajiri mmoja wa gari la samaki aliyekuja jua limeshapanda. Na mkuu wa diko alishaamuru mashine ndiyo ifuatwe.

"Yakhe, mashine yako imelewa?" akanicheka mpima samaki.

Bibi hakucheka. Barafu iliisha kabla ya zamu yake, pweza wakaharibika. Mkuu wa diko akanambia, "Kesho ikikosea tena, ichukue uende nayo kwenu."

Nikajifungia na kompyuta mchana kutwa. Nikijaribu kwa simu moja, saa ziko sawa. Nikiziachia zote pamoja, vurugu tupu! Hapo ndipo nikaona. Programu yangu hufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja, mafundi huziita nyuzi, na nyuzi zote nilizipa kiandika-saa kimoja. Fikiria makarani wanaogombania muhuri mmoja wa tarehe: huyu kazungusha namba zake, hajagonga bado, mwenzake kauvuta kazungusha za kwake. Karatasi ya bibi ikapigwa saa ya tajiri!

Dawa yenyewe, wallahi, mistari michache. Kila uzi nikaupa kiandika-saa chake, usiguse cha mwenzake. Nikajaribu, nikajaribu tena, saa zimetulia. Nilipiga ukelele mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

Kesho yake mtandao ukakatika vile vile. Uliporudi simu zikamwaga habari, na mimi nikainamia kioo cha kompyuta. Jina la juu kabisa: bibi.

"Bi Mkubwa, nipishe," akasema tajiri, "mie nina safari ya Wete."

"Safari njema, baba," bibi akamjibu, keshainama na ndoo yake. Kisha akanigeukia mimi: "Wewe mwana, jaza barafu mpaka juu, pweza wasije wakanuka kama wa jana."