Mpagazi Aliyeniomba Nimtue

Siku ya mwisho ya mwezi wa Juni nilipoteza kazi yangu ya reli. Majuma saba kabla ya hapo nilikuwa nimempoteza mke wangu, Salome. Nayaandika haya mawili pamoja kwa sababu ndivyo yalivyonijia. Sikusoma sana, madarasa manne tu ya misheni, na kutunga sijui. Ukitaka kuniita mwongo, niite baada ya kunisikiliza mpaka mwisho.

Nilikuwa mnyapara wa genge la kutunza njia ya reli hapa Tabora kwa miaka thelathini. Kila alfajiri nilitembea juu ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, na nyundo yangu, nikigonga nati, nikisikiliza ipi imelegea. Salome alikuwa mtu wa Bukene. Baba yake alimwachia kipande cha shamba huko, naye alitaka jambo moja tu: twende tukalime karanga. Kila mwaka aliniuliza. Kila mwaka nilimjibu, "Ngoja nistaafu." Basi alichagua mbegu, akazifunga katika kitambaa cha manjano, akakitundika darini pamoja na kata yake, ile nguo ya kuviringa aliyoweka kichwani chini ya mzigo. Msimu ukipita tulizila zile mbegu, naye akafunga nyingine. Alifanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Kifurushi cha mwisho kilikuwa bado darini homa ilipomchukua kwa siku nne.

Kisha wakubwa wa reli wakaja kuniambia, pumzika mzee, sasa muda wote ni wako. Wote! Kuna tusi kubwa kuliko hilo?

Nilijaribu kuujaza. Nilitengeneza viti vyote vya nyumba, vikaisha. Nilisokota kamba mpaka majirani wakauliza nataka kumfunga nani. Nilienda stesheni kutazama treni, nikaambiwa kwa adabu nisikae karibu na njia, mimi niliyeitunza njia hiyo. Nilienda mtaa wa Kanyenye kucheza bao. Shabani, fundi cherehani, akanipigia kelele mbele ya watu, "Mpisheni mstaafu! Leo hana treni ya kumchelewesha!" Wakacheka. Niliupindua ubao, kete zikatapakaa barazani. Sikuomba radhi, na mpaka leo sijaomba.

Kuanzia siku ile nikawa natembea peke yangu, na nyundo yangu mkononi, katika njia ya zamani ya misafara ya wapagazi inayotokea Kwihara. Pale hapakuwa na mtu wa kuniambia nipumzike.

Sasa sikiliza. Ilikuwa Agosti, saa nne asubuhi, jua limewaka. Sikuwa nimelala wala sikuwa nimekunywa. Nilisikia kengele ndogo, nikadhani mbuzi. Akatokea mtu amevaa kaniki iliyochakaa, begani kwake kushoto pembe ya ndovu ndefu kumpita yeye mwenyewe, imefungwa ngozi, kengele imening'inia kwenye ncha. Pembe kama hizo babu yangu alizibeba mpaka pwani. Nani anabeba pembe begani siku hizi za treni na malori? Mtu wa genge hutazama chini kabla ya kutazama uso, basi nilitazama miguu yake. Njia ilikuwa vumbi tupu, laini kama unga. Alikanyaga, na vumbi halikushika alama.

"Mwangaluka, baba," alinisalimu kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka."

"Nitue."

Kwetu neno hilo halina mjadala. Mzigo mzito haushushwi na mtu mmoja. Mwenye nao akikuambia nitue, unanyosha mikono, hata kama jana mmetukanana. Akitaka kuondoka, unamtwika. Babu zetu walifika pwani na kurudi kwa desturi hiyo, nami naijua tangu utoto. Lakini hasira ilikuwa imenijaa.

"Ngoja," nilisema. Kisha nikaongeza, "Nimebeba mizigo ya watu miaka thelathini. Nimestaafu. Tafuta mwingine."

"Kustaafu ndiyo nini?"

"Nimemaliza kazi. Muda ni wangu."

Akacheka kidogo. "Muda wote ni wako, na wa kunyosha mikono huna?"

"Pita zako!"

Hakukasirika. Alinitazama kama anayenihurumia, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Yule mama aliye nyuma yangu aliniambia utasema ngoja."

"Mama gani?"

"Wa kifurushi cha manjano. Shingo imemchoka, baba. Kila akikuomba umtue, wewe unamwambia ngoja."

Niliinua nyundo. Naam, niliinua nyundo nimpige mtu mwenye mzigo, sifichi. Lakini macho yalikimbilia nyuma yake, njiani, yakimtafuta Salome. Hapakuwa na mtu. Miti ya miyombo tu na jua. Nilipogeuza uso, mpagazi naye hayupo. Kengele ililia mara moja mgongoni kwangu, na papo hapo uzito ukanishukia bega la kushoto, nikapiga magoti vumbini.

Nilijikokota mpaka nyumbani. Nilipanda juu ya kiti, nikashusha kifurushi. Kitambaa kilikuwa kikavu, mbegu kavu. Lakini kata yake, niamini, ilikuwa mbichi kwa jasho. Niliikamua, ikatoa tone. Nani aliivaa? Salome alikuwa kaburini miezi mitatu, na ufunguo wa nyumba ulikuwa mfukoni mwangu.

Bega hilo halijapanda tena. Koti langu linaning'inia upande mmoja, na usiku nalala kwa ubavu wa kulia tu. Hospitali walinibonyezabonyeza wakasema ni uzee. Uzee wa bega moja? Wewe unayesoma, kama yuko mtu anayekuomba umtue, mtue leo. Usimpe siku ambayo hujaishika mkononi. Nilimpa Salome siku kama hiyo, nayo ilipofika nilibaki nayo peke yangu, na nimeichukia.

Kesho yake, baada ya siku ile ya mpagazi, nilipanda treni ya Bukene, kata yake kichwani, kifurushi juu yake. Sikukiweka chini. Abiria walicheka. "Mzee, tua! Treni inakubeba wewe pamoja na mzigo wako!"

Yakobo, kaka yake Salome, alinikuta uani kwake nimesimama. Alikitazama kile kitambaa cha manjano, akakitambua.

"Mwenyewe hukumleta akiwa hai," alisema, "sasa unaniletea mbegu?"

"Nitue, shemeji."

Akanyosha mikono miwili, akanitua. Bega halikupanda.

"Jembe liko wapi?" niliuliza.

"Mvua bado, shemeji. Ngoja kwanza..."

"Usiniambie neno hilo!"

Nililiona jembe ukutani, nikalichukua, nikaenda kwenye kile kipande cha Salome. Ardhi ilikuwa ngumu kama tofali. Jembe liliruka, bega likaniuma, nami nikalima huku nikiitukana reli, nikijitukana mwenyewe. Yakobo alisimama akinitazama mpaka nilipomaliza tuta la kwanza. Kisha akaenda nyumbani, akarudi na jembe lake, akaanza la pili.