Betri ya gemu na kinywa cha Raya

Wallahi leo yamenifika.

Mnajua nakusanya na kuuza vigemu vya mkononi vya zamani, vile vya kupanga matofali. Leo mteja wa Unguja alitaka kuona kwa video kile kidogo, chenye thamani kuliko vyote, kikiwaka.

Nakigeuza: kifuniko wazi, betri moja ya kidonge, zile ndogo bapa kama kifungo, haipo!

Na pembeni Raya, kitoto cha dada yangu, anatafuna.

"Raya, fungua kinywa!"

Akameza.

Dada akapiga ukelele. Tukakimbilia hospitali Chake Chake, mimi dua zote zimenipotea.

Daktari akampiga picha. "Hamna betri, kooni wala tumboni."

Mama, aliyebaki nyumbani, akapiga simu: betri ameiona chini ya mkeka. Raya alikuwa akitafuna tende tu.

Dada hajanisemesha mpaka sasa. Nianzie wapi kumwomba radhi, wenzangu?