Meno Sita Ambayo Baba Hakuyapoteza

Baba yangu alikuwa akila mahindi ya kuchoma kwa pembe ya mdomo, kichwa kimeinama upande mmoja. Meno sita ya mbele ya chini hakuwa nayo. Yalitolewa akiwa kijana, yeye na rika lake, kama walivyofanya Wajaluo wa zamani, na aliyelia siku hiyo alichekwa mpaka uzeeni. Baba hakulia. Alitusimulia hayo kila mmoja wetu alipong'oka jino, na hatukuchoka kusikia.

Nililipenda pengo lile mpaka nilipokwenda shule ya bweni. Huko wasichana waliwaiga wazee wenye mapengo, nami nikacheka nao, Mungu anisamehe. Mwacha mila ni mtumwa, wanasema; mimi nilikuwa mtumwa wa wasichana wa bwenini. Siku ya wazazi ilipokaribia nilimwambia baba asijisumbue, mama anatosha. Alisema sawa, akarudi kwenye kazi yake ya kuosha dhahabu kule machimboni Macalder.

Uzee ukaja ukachukua na meno ya pembeni. Meno ya bandia ya kwanza yalicheza mdomoni, na siku moja matangani yakamwangukia kwenye sahani ya ugali mbele ya wakwe. Tangu hapo akawa anakula chumbani kwake. Mtu ambaye hakuwa akinawa mikono mpaka apate wa kula naye sasa alikunywa uji peke yake, na nguo zikaanza kumpwaya.

Niliogopa. Nikampeleka Homa Bay kwa daktari wa meno, kijana aliyetoka Ukambani. Alikuta mizizi miwili bado imara, mmoja kila upande wa taya la chini, akasema hataing'oa. Ataikata iwe sawa na ufizi, aifunike kwa vifuniko vidogo vya chuma, kisha meno mapya yatiwe sumaku kwa chini. Yatajishika yenyewe, na kabla ya kulala atayavua ayaoshe. Nilidhani baba atakataa. Kumbe sumaku alikuwa akiijua kuliko sisi sote: miaka yote ile aliifunga kwa nailoni, akaipitisha kwenye beseni iondoe mchanga mweusi wenye chuma, dhahabu ibaki. Aliuliza jambo moja tu, kama itavuta kijiko. Daktari alicheka, akamhakikishia kijiko kitabaki mkononi.

Baba alipokwenda msalani, nilimwomba daktari ajaze na pale mbele. Yeye alikwisha kudhani hivyo. Kwake pengo ni pengo. Nilijiambia nafanya kwa faida ya baba. Uongo mtupu.

Tuliporudi kujaribu meno, yakiwa bado yamepangwa kwenye nta, baba alipewa kioo. Alijitazama kwa muda mrefu, akayatoa mdomoni taratibu.

“Daktari,” alisema, “hii sita ya mbele mimi sikupoteza. Nilitoa. Ukirudisha, wale tulitolewa pamoja watasema nimewakataa.”

Daktari akanitazama mimi. Baba akamfuata kwa macho, akaelewa. Hakunigombeza. Aliniambia kwa Kijaluo, polepole, kwamba alijua tangu zamani kwa nini sikutaka aje shuleni. Lakini alikuja. Kila siku ya wazazi alimfuata mama kwa nyuma, akasimama nje ya lango pamoja na watu wa baiskeli, akanitazama nikipita uwanjani, kisha akarudi nyumbani.

“Nilitaka tu kuona kama umenenepa,” alisema.

Nililia pale pale kando ya kiti cha wagonjwa. Nikamwambia daktari ayatoe yote sita, kosa ni langu. Aliyabandua moja moja kwenye nta, akayapanga kwenye trei, na baba akamshukuru kwa kila moja.

Meno yalipokuwa tayari, yaliingia yakashika kwa mlio mdogo. Jumapili hiyo baba alikaa sebuleni na wageni, akala samaki wa ngege mpaka kichwa, akawa anacheka huku pengo lake likionekana na kila mtu. Nilimpiga picha. Iko mezani ofisini kwangu, uso umeelekezwa kwa wanaoingia, na anayeuliza namwambia huyo ni baba yangu.