Magunzi Chini ya Pipi

Kupamba ukumbi ni kazi ya kubeba zaidi kuliko ya kupamba. Asubuhi ile, pale Misunkumilo, nilikuwa nimeshabeba viti mia mbili, nimevivalisha vitambaa, nimefunga riboni za rangi ya damu ya mzee, na bado meza ya pipi ilikuwa haijaguswa. Mgongo uliniuma kiasi kwamba nilipoinama kuokota pini nilifikiri kwanza kama kweli naihitaji.

Niliacha shule nikiwa darasa la sita. Tangu hapo nimefanya kazi nyingi, zote kwa muda mfupi. Nimebeba magunia ya mpunga Kakese, nimeuza karanga za sukari kwa wasafiri Sitalike, nimepakia dagaa kule ziwani. Naingia kwenye kazi kwa sababu nataka kujua inafanywaje, na nikishajua, miguu inaanza kuwasha. Kwa dada wa mapambo nilikuwa na miezi mitano. Kilichonibakiza ni meza ya pipi, maana nilitaka kujua vile vyupa vikubwa vya kioo vinajazwaje.

Jibu ni kwamba havijazwi. Chini unaweka kitu chochote, pipi zinakaa juu na pembeni. Mwanzo tulikunja magazeti, lakini yalijikunjua na maandishi yakaonekana. Mimi ndiye niliyeleta magunzi ya mahindi. Huku kwetu magunzi hayanunuliwi, na ukiyazungushia karatasi ya dhahabu yanapendeza. Siku ile tuliyahitaji kuliko siku zote, kwa sababu pipi tulizoagiza Tabora zilifika nusu.

Dada wa mapambo, bosi wangu, alirudi nyuma hatua tatu akapiga picha vyupa vyote vitano.

"Hapo sawa," alisema. "Watu wa huku hawali, wanapiga picha. Emsii atawaita mwisho kabisa, kila mtu anachukua moja."

Akapanda bajaji kwenda kupamba gari la maharusi.

Sijakaa vizuri, akaingia bi harusi mwenyewe, kichwa kimejaa rola chini ya kanga, malapa miguuni. Alikuwa ametoroka saluni.

"Pole na kazi, kaka. Vimejaa hivi?"

"Vimejaa," nikasema. Nikichoka najibu haraka.

Alizunguka meza bila kugusa kitu. Akanieleza, bila mimi kuuliza, kwamba amelelewa na bibi yake Kakese. Bibi akienda mashine kusaga alirudi na pipi moja, amefunga kwenye pindo la kanga. Moja tu, ya mjukuu.

"Sijawahi kumwona akila ya kwake. Kamati waliniuliza meza ya pipi ya nini huku kwetu. Nikawaambia ni ya bibi. Leo anaanza yeye. Achote kwa mkono wake, ajaze pindo, ale mbele yangu."

Akaondoka kurudi saluni. Magunzi yalikuwa pale pale, chini ya pipi.

Nilikaa juu ya kreti la soda. Stendi haikuwa mbali. Nimeshaondoka kwenye kazi kwa sababu ndogo kuliko hiyo, bila kuaga. Ila siku hiyo hata kuondoka kulinichosha. Nikaenda nyuma ya ukumbi kwa wapishi.

"Mama, naomba karanga na sukari."

Mpishi mkuu aliniangalia juu hadi chini. "Karanga hizi za kisamvu. Wewe wa maua umepotea?"

"Nimemdanganya bi harusi."

Alicheka mpaka akaacha kukoroga. "Afadhali wewe umesema. Wenzio wakija huku kudanganya wanataka supu. Chukua, na sufuria uioshe mwenyewe."

Karanga za sukari zinataka mkono usiopumzika. Sukari inayeyuka, halafu inakauka na kuwa kama mchanga juu ya karanga, na wengi huishia hapo. Ukivumilia, inayeyuka tena na kung'aa. Nilivumilia, jasho likiingia machoni. Nilitoa pipi na magunzi kwenye vyupa vitatu nikajaza karanga, pipi nikazirundika juu ya vile viwili vilivyobaki. Magunzi ya hivyo viwili, virefu vya katikati vyenye pipi nyekundu, sikuwahi kuyatoa. Wageni walishaanza kuingia na bosi amerudi.

"Nani kaweka karanga hapa? Rangi gani hii?"

"Ya kahawia."

"Naiona! Picha zangu zinaharibika na wewe unanijibu rangi."

Sikubishana. Nilivipanga vya karanga mbele kabisa, nikajiambia bibi atachota vya mbele.

Bibi alifika na wenzake kadhaa wa Kakese, mwembamba, kitenge kipya, kanga mabegani. Saa kumi na moja jioni emsii alimwita. Bi harusi alimshika mkono wakaja polepole, na bibi hakunyamaza njia nzima.

"Mke mwenza, umenichukua mume wangu hivi hivi naangalia. Leo unanipoza na nini?"

"Na pipi, bibi. Chota."

Bibi aliinamia vyupa vya mbele.

"Karanga?" Akaniangalia mimi niliyesimama nyuma ya meza. "Karanga nalima mwenyewe, baba. Na meno ya kuzitafuna unayo wewe?"

Watu wakacheka. Mchana kutwa nilikoroga karanga kwa ajili ya mkulima wa karanga asiye na magego.

Akapeleka mkono kwenye chupa kirefu. Akachota mara moja, mara mbili. Mara ya tatu mkono ulizama hadi kwenye kiwiko, ukatoka na kitu cha dhahabu. Akakifungua taratibu. Lilikuwa gunzi.

"Na hii pipi ya wapi?"

Emsii alishusha kipaza sauti. Bosi wangu alikuwa anaangalia mapambo ya darini. Bi harusi aliniangalia mimi.

"Uliniambia vimejaa."

"Nilikudanganya, dada."

Nikakunja mikono ya shati. Nikamwaga chupa kirefu cha kwanza mezani, kisha cha pili. Magunzi yakabingirika hadi sakafuni.

Bosi akanishika mkono. "Wewe, umechanganyikiwa?"

"Nampa bibi pipi zake."

Nilizikusanya kwa viganja vyote viwili, nikaokota na zilizorukia kwenye karanga. Bibi alitega pindo la kanga. Zilienea zote, na pindo likajaa kabisa, kiasi cha kufungika kwa shida. Kumbe tangu asubuhi zilikuwa zinamtosha mtu mmoja na kumzidi. Zilikuwa chache kwa kujaza vyupa vya picha tu.

Bibi akafunga fundo, akataka kurudi kwenye kiti.

"Kula moja, bibi."

"Nitakula nyumbani. Kuna watoto kule."

Bi harusi akachuchumaa pale pale, gauni likatandazika sakafuni katikati ya magunzi. "Siondoki hapa mpaka ule."

"Utachafua gauni."

"Lichafuke."

"Jamani, keki inasubiri," emsii akasema.

"Iache isubiri," bibi akamjibu. "Mke mwenza gani mkorofi hivi!" Akafungua fundo, akachagua kwa muda mrefu, akamenya moja, akaitia mdomoni. Shavu likavimba.

"Tamu?"

Bibi aliinua kidole, kwamba asubiriwe. Akaimung'unya mpaka ikaisha, sisi wote tumesimama. Halafu akapeleka mkono kwenye pindo, akatoa ya pili.

Bi harusi akainuka, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

Bibi alipogeuka aliniambia, pipi ikigonga meno yaliyobaki, "Na hayo magunzi usiyatupe, mume wangu. Nitakokea moto."

Bosi aligeukia keki. Nilipiga magoti chini ya meza, nikaanza kuyakusanya, nikiyavua karatasi ya dhahabu moja moja.