Mama Mmoja wa Umoja

Tasnifu ya wifi yangu niliitumbukiza kwenye karai la nepi, na jalada lake gumu na maandishi yake ya dhahabu. Haikuniponyoka. Nilikuwa nimetoka kusoma ukurasa wa shukrani: wahadhiri, mtunza maktaba, hata paka wa ploti yetu ya kupanga aliyekuwa akimlalia miguuni. Mimi nilikuwa kurasa mia mbele, chini kabisa, kwenye tanbihi ya herufi za kuhitaji miwani: "mama mmoja wa nyumbani, Umoja."

Mama mmoja.

Wifi ni dada ya mume wangu. Alikaa kwetu, mtaa wa Umoja, miaka miwili akisomea falsafa ya Wagiriki wa kale na michezo ya kuigiza ya Warumi. Tulimaliza kidato cha nne mwaka mmoja. Yeye akaenda chuo, mimi nikaenda kliniki ya wajawazito. Mume wangu akisema "msomi wetu" mbele ya wageni, mimi nilikuwa jikoni nikisukuma chapati zao.

Kila Jumamosi nikifua, wifi alileta kigoda uani kutafsiri kichekesho cha Kirumi cha tasnifu yake, cha mjakazi anayemzidi bwana wake akili. Kiswahili chake kilikuwa cha risala. Nikamwambia mjakazi hasemi hivyo. Mweke kwenye foleni ya maji, mtungi mkononi, ndipo utamsikia. Akaniuliza angesemaje. Nikasema, akaandika. Maneno yote ya mjakazi ni yangu, hata tusi analompa bwana wake, ambalo mimi humpa mwenye ploti kimoyomoyo.

Siku moja alinieleza kwamba Wagiriki walitenga wivu wa aina mbili: wa kutaka mwenzako akose, na wa kutaka na wewe upate. Mimi nilikuwa nao wote, mikono imejaa povu.

Alipoikuta tasnifu karaini hakufoka. "Wifi, hiyo ni kanuni ya utafiti. Msemaji hatajwi jina. Tunamlinda."

"Mnanilinda na nani? Paka umemtaja."

Aliiopoa, akaitundika kwenye kamba, kati ya nepi zangu.

Jumatatu nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda hadi idarani kwao, chuoni. Karani aliisoma barua yangu mara mbili, akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia apige muhuri. Nakala ninayo:

"KUH: MALALAMIKO YA KUTOTAJWA. Mimi si mama mmoja. Mjakazi wa tasnifu hii anasema maneno yangu, mwanzo hadi mwisho. Sitaki cheti wala joho. Nataka majina yangu yote matatu kwenye ukurasa wa shukrani, kabla ya lile la paka."