Twiga Aliyeshuka Kwenye Kreni

Watu wote wa ujenzi katika mji ule walimfahamu kwa jina la Twiga. Jina alibandikwa na mafundi zege siku yake ya kwanza kazini, walipomwona mwanamke mrefu, mwembamba, anapanda ngazi ya kreni huku anaimba, mkoba wa chakula begani. Alipofika kule juu, kwenye kibanda cha vioo ambamo dereva hukaa peke yake kutwa nzima, alichungulia na kuwapungia mkono. "Huyo si mtu, ni twiga!" mmoja akapaza sauti, na jina likaganda. Hata mumewe, kinyozi mwenye maneno mengi kuliko wateja, alilizoea mpaka akasahau kumwita kwa jina alilomwolea.

Na kazi yenyewe aliipenda kupita kiasi. Alipenda jinsi chuma kizito kinavyomtii kwa kusogeza kidole tu. Mafundi walisema Twiga anaweza kushusha tofali juu ya yai na yai lisipasuke, naye hakuwahi kuwakatalia.

Basi kampuni yao ikapewa kazi ya daraja. Mto uliukata mji vipande viwili, na watu wa ng'ambo walizunguka mbali mno kufika sokoni, shuleni na hospitalini. Sasa lingejengwa daraja la waenda kwa miguu, la chuma, na dereva wa kreni angekuwa Twiga. Siku hiyo alirudi nyumbani mbio mbio, hata viatu hakuvua mlangoni.

"Mume wangu! Nitaning'iniza chuma juu ya maji!"

"Kwani mimi nimekataa?" akajibu Kinyozi. "Vua viatu kwanza."

Lakini mwili ulikuwa na mipango yake. Kwanza ulikuja uchovu. Haukuwa ule wa kazi, ambao mtu akioga na kulala unaondoka. Huu Twiga alilala nao akaamka nao, umemkalia kifuani kama mgeni asiyejua kuaga. Kisha vikaanza viungo. Magoti yalimuuma, mabega yalimuuma, na asubuhi vidole vilikuwa vigumu hata kufunga vifungo vya shati ikawa shughuli. Ngazi ambayo zamani aliipanda akiimba, sasa aliipanda kwa vituo, wimbo akauweka kando.

"Ni uzee huu," alimwambia mumewe.

"Uzee gani? Mimi nimekuzidi umri na kutwa nakata nywele nimesimama. Twende hospitali." Akamshika mkono, hakumwachia mpaka mapokezi.

Walimpima damu, wakampima tena, wakamtuma akafanye kipimo kingine. Mwisho akaitwa na daktari, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba.

"Mama," alisema daktari, "una saratani ya damu."

Kinyozi akatafuta kiti na kukuta tayari amekikalia.

"Nisikilizeni mpaka mwisho. Kuna aina nyingi. Hii yako inakua polepole sana. Chembe nyeupe za damu zimezidi, lakini hazijaanza kuharibu mambo. Kwa sasa hatutakupa dawa ya saratani, kwa sababu kuianza mapema hakutakusaidia. Tutakuangalia."

"Mniangalie kama televisheni?" Twiga akauliza.

Daktari akacheka, kisha akarudi kwenye uso wa kazi. Alimweleza kwamba atakuja kliniki mara kwa mara, apimwe damu, apapaswe shingo, makwapa, na tumbo penye bandama. Akipata homa isiyoeleweka, akitokwa jasho la kulowesha shuka, akikonda bila sababu au akiona uvimbe, asisubiri tarehe. Na maumivu ya viungo?

"Hayo tusiyasingizie saratani moja kwa moja. Magoti yako yamepanda ngazi miaka mingi. Tutayachunguza peke yake. Usimeze dawa za maumivu ovyo, uniulize kwanza. Na usikae tu kitandani. Viungo vinapenda kutembezwa, ila kwa kipimo."

Njiani Kinyozi alimshika mkono tena, kama alivyokuja naye. Twiga ndiye aliyeanza.

"Unajua kinachonikera? Wameniambia nina saratani, halafu wakaniambia niende nyumbani. Nifanye nini huko nyumbani? Nikae niisikilize inakua?"

"Utafanya unavyofanya siku zote."

"Kreni sipandi tena," akasema Twiga, na hapo ndipo alipolia.

Alilia vya kutosha, akafuta uso, na kesho yake akaenda moja kwa moja kwa Injinia, mwanamume wa makamo aliyezoea kutafuna vifuniko vya kalamu. Akamweleza kila kitu, bila kuzunguka.

"Mikono yangu bado inajua kazi," alimwambia. "Lakini uchovu huu haupigi hodi. Ukinikamata nimening'iniza chuma juu ya vichwa vya watu, nitasema nini?"

Injinia akatoa kifuniko mdomoni. "Kwa hiyo unaacha kazi?"

"Nani kasema naacha? Nimesema nashuka. Nipe redio niwe mpiga ishara. Dereva wa kreni haoni kila kitu kule juu, anahitaji macho ya chini. Mimi nimekaa juu, najua asichokiona."

"Na kreni ataendesha nani?"

Twiga akavuta pumzi. "Wifi yangu."

Wifi alikuwa dada yake Kinyozi, mwanamke mnene, mcheshi, aliyeendesha magari ya kunyanyulia mizigo ghalani miaka mingi. Mtihani wa udereva wa kreni alikuwa ameshafaulu, akakosa tu mtu wa kumpa nafasi. Injinia alimjaribu siku kadhaa kwa mizigo midogo, akaridhika, ila akaweka masharti kwa Twiga: atafanya kazi amekaa, Fundi Kamba, mzee anayefunga mizigo kwenye ndoano, atakuwa tayari kumpokea wakati wowote, na siku akisema amechoka, hakuna wa kumbishia.

"Nimekubali," alisema Twiga kabla sentensi haijaisha.

Asubuhi Wifi alipopanda kwa mara ya kwanza, redio ilikoroma: "Wifi, unanionaje huku juu? Leo mimi ndiye twiga!"

"Twiga gani mwenye kiuno hicho? Wewe ni kiboko aliyepotea njia. Funga mkanda!"

Uwanja mzima ukacheka, na kazi ikaanza.

Kuishi na mwili ule mpya kulimchukua muda. Mwanzoni alijifanya shujaa. Siku mwili ukimpa nafasi kidogo, alifua, akafagia, akapanda paa kuondoa majani kwenye mfereji, na kesho yake hata kijiko kilimshinda kunyanyua. Kinyozi akawa mkali. Kidogo kidogo Twiga akajifunza kujibana. Asubuhi alichovya mikono kwenye maji ya uvuguvugu mpaka vidole vilegee, kisha yeye na mumewe wakatembea kando ya mto, polepole, Kinyozi akimsimulia umbea wa saluni. Kazi ngumu aliipanga kabla ya jua kukolea. Baada ya chakula alijilaza kwenye kontena la vifaa, kofia usoni, na mafundi wakajizoesha kupiga nyundo upande wa pili. Dawa ya magoti aliyoandikiwa na daktari ilimpunguzia, haikumaliza. Siku nyingine alichukia kila kitu, kiti, redio, hata sauti ya Wifi, akanyamaza tu mpaka ipite.

Wiki ya kuinua boriti kubwa ya mwisho, ile ya kuunganisha ng'ambo mbili, iliangukia wiki ya kliniki. Alikaa kwenye benchi, roho juu. Daktari alitoka na majibu mkononi, miwani puani.

"Palepale," alisema. "Chembe nyeupe hazijapanda."

Twiga alimkumbatia daktari, akamkumbatia mtu wa maabara aliyemtoboa, na angemkumbatia mlinzi wa getini kama asingekwepa.

Siku ya boriti ilipofika, watu walijaa kingo zote mbili. Wanafunzi, wauza maji, akina mama na watoto mgongoni, kila mtu anataka kuona. Twiga aliamka viungo vinalia kama mlango usiopakwa mafuta, lakini moyo ulikuwa unaruka, hata chai haikushuka. Alivaa kizibao chake cha njano, akakagua na Fundi Kamba minyororo na zile kamba ndefu ambazo mafundi wa kila ukingo wangezishika ili boriti isijigeuze, akakaa kwenye kiti chake mahali ambapo angeona ndoano, boriti na nguzo zote mbili. Wifi alikuwa juu, tayari. Injinia akatazama kipimo cha upepo, akatikisa kichwa.

"Tungoje."

Wakangoja. Upepo ukawa unavuma, unatulia, unavuma tena. Jua likapanda. Na kungoja kukafanya kile ambacho kazi haikukifanya. Twiga alihisi uchovu ule ukipanda kuanzia miguuni, mzito, mpaka maneno ya watu yakawa yanamjia kutoka mbali. Alitazama umati. Alitazama boriti, mzigo aliouota kwa miezi. Angeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Akanyanyua mkono.

"Injinia. Nimechoka. Nikilala sasa hivi nitafaa. Upepo ukitulia na mimi sijakaa sawa, mpe Fundi Kamba redio. Boriti isinisubiri."

Injinia hakubisha. "Nenda kalale, Mama."

Akalala kwenye kontena, umati wote nje unapiga kelele, na Fundi Kamba akakaa mlangoni kama askari wa benki. Yeye ndiye aliyemwamsha.

"Twiga. Upepo umelala."

Twiga akafumbua macho, akajisikiliza kuanzia kichwani mpaka vidoleni. Ukungu kichwani ulikuwa umeondoka. "Basi mimi nimeamka. Nipe redio."

Boriti ikaachana na ardhi. Umati ukanyamaza ghafla, ukasikia tu mngurumo wa injini na minyororo ikijikaza.

"Juu," Twiga alisema kwenye redio. "Juu. Hivyo hivyo. Kulia, taratibu. Unakwenda vizuri, wifi yangu."

Boriti ikatoka juu ya nchi kavu, ikaingia juu ya maji. Na katikati ya mto, upepo ukarudi. Si mwingi, lakini chuma kile kirefu kikaanza kujigeuza.

"Wifi!" Sauti ya juu ilipasuka. "Inageuka! Inageuka!"

"Naiona. Usiifukuze na kreni. Simama hapo hapo, toa mikono kwenye vishikio. Umetoa?"

"Nimetoa."

"Pumua. Fundi Kamba, kamba ya upande wa soko, vuta. Taratibu. Ng'ambo, shikilieni tu, msivute."

Magoti hayakuwepo tena, mabega hayakuwepo. Twiga alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. Boriti ikajigeuza kidogo zaidi, ikasita, ikaanza kurudi. Ikatulia.

"Haya, wifi. Rudisha mikono. Mbele kidogo. Simama. Sasa shusha. Shusha... shusha kama unamlaza mtoto aliyekusumbua kutwa. Shusha..."

Chuma kikagusa chuma. Mlio mmoja mzito ukapita juu ya mto. Mafundi wakazirukia bolti, na Injinia akainua mikono yote miwili hewani, kifuniko cha kalamu kikamdondoka mtoni.

"Imekaa!"

Kelele zilizopigwa pale! Watu wa kingo mbili walipigiana vigelegele kama wamekutana baada ya vita. Kinyozi alikuja anakimbia na eproni yake, amemwacha mteja kwenye kiti, na nyuma yake akatokea mteja mwenyewe, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, anapiga makofi kuliko wote. Wifi alishuka ngazi, akamrukia Twiga.

"Mabega! Mabega yangu, we kiboko!" Twiga alilia na kucheka kwa pamoja.

Mwili ulidai chake, bila shaka. Siku zilizofuata Twiga alikuwa kitandani, magoti yamevimba, Kinyozi anamletea maji ya uvuguvugu na habari za mtaani, ambako kila mteja sasa alidai alikuwepo mtoni. Na kliniki iliyofuata haikuwa tamu kama ile iliyotangulia. Chembe zilikuwa zimepanda. "Kidogo tu," alisema daktari. "Hazijafika pa kuanza dawa. Tunaendelea kuangalia." Twiga alisimama koridoni kwa muda, paji la uso ukutani. Mumewe alisimama naye. Kisha wakarudi nyumbani kwa miguu, kupitia darajani, na katikati palijaa watu wenye mizigo yao hivi kwamba iliwabidi wapite mmoja nyuma ya mwenzake.

Jioni ile Injinia akapiga simu. Kampuni ilikuwa inafungua kazi tatu kwa mpigo, na kote huko wapiga ishara walikuwa wageni. Je, angekubali kuwafundisha?

Twiga alikaa wima kitandani. "Asubuhi tu," alisema. "Na kiti kiwe na mgongo. Na nikisema nalala, nalala."

"Lini unaweza kuanza?"

"Wanafunzi wangapi? Wana redio? Wameshawahi kupanda juu? Hapana, lazima wapande hata mara moja, wataelezaje wasichokijua? Wifi atawapandisha. Ngoja, ishara ya kusimamisha wanaifanyaje, hivi au hivi?"

Alikuwa anaonyesha kwa mkono mzima, kana kwamba Injinia anamwona kwenye simu, na kikombe cha chai kikaenda chini na kisahani chake.

"Mama wewe," alilalamika Kinyozi akitafuta kitambaa, "hata hiyo kreni ilikuwa na breki!"

Lakini Twiga hakumsikia. Alikuwa ameshafika somo la pili.