Aliuua msumeno kwa asidi, akaufufua kwa mikwaruzo

Saa tatu asubuhi, Mbaraki. Malori ya bandarini yanapita yakitikisa mabati ya kibanda cha fundi Ngowa Charo, lakini mwenyewe hana habari nayo. Ameinama juu ya meza, jicho moja amelifumba, na kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kimezama ndani ya silinda ya msumeno wa injini, silinda yenyewe si kubwa kuliko kikombe cha uji.

Anakizungusha kidole polepole. Anasita. Anarudi nyuma kidogo, anapapasa tena ukingo wa tundu la kutolea moshi, kisha anashusha pumzi.

"Iko sawa," anasema. "Kucha haikukwama popote."

Kucha hiyo ndiyo kifaa chake cha thamani kuliko vyote vilivyomo kibandani. Ngowa, mwenye umri wa miaka 46, hukata kucha zote isipokuwa hiyo moja. Anasema kromu, ule utando mgumu unaopakwa ukutani mwa silinda, ikianza kubambuka, kucha huijua kabla ya jicho. Mkewe, Caroline, ameipigia kelele tangu siku walipooana na bado hajafua dafu.

"Siku ya harusi aliniomba niikate kwa ajili ya picha," asema Ngowa. "Picha zote za harusi yetu, mkono wangu wa kulia uko mfukoni."

Leo, hata hivyo, mzaha wake una wasiwasi ndani yake. Silinda anayoipapasa ni ya msumeno wa mwaka wa 1971, wenye uzito wa kilo kumi na mbili, ambao wafanyakazi wa mwenye msumeno wameubandika jina la Bimkubwa. Miezi mitatu iliyopita Ngowa aliiharibu silinda hiyo kwa mikono yake. Saa nne mwenye msumeno anakuja kuujaribu, na jaribio hilo ndilo litakaloamua kama kibanda hiki kitaendelea kufunguliwa.

Mwenyewe ni Bi Everlyne Kaingu, mkazi wa Kikambala, mwanamke wa miaka 53 anayenunua mifenesi na miembe mizee kwa wenye mashamba na kuipasua mbao. Mbao zake huishia mikononi mwa maseremala wanaochonga milango ya Mji wa Kale. Kwa wapasuaji wa upande wa kaskazini, fundi aliyekubaliwa na Everlyne amekubalika, na aliyekataliwa naye ni heri atafute kazi ya kuuza maji.

Ngowa ameyaona hayo kwa macho yake. Kabla ya mkasa, alikuwa akiletewa misumeno kumi na mitano kwa mwezi. Baadaye ikashuka hadi minne. Siku nzuri alizoea kwenda nyumbani na shilingi 2,500, lakini kuna wiki nzima aliyoimaliza na mia nane.

"Hakuna mteja aliyenigombeza," asema. "Walinyamaza tu, wakawa wanapeleka kwa fundi wa Mtwapa. Bora wangenitukana."

Si mtu wa kuanza jana katika kazi hii. Aliondoka kwao Ganze mwaka 2004 na kuajiriwa kufagia karakana moja ya injini za boti kule Liwatoni. Alifagia miaka miwili akitazama zaidi kuliko kufagia, mpaka siku moja bwana mkubwa akamkuta amefungua karbureta na kuirudisha ilivyokuwa. Ufagio ukapewa mtu mwingine.

Misumeno ya kale aliipenda baadaye, alipogundua kwamba mafundi wengi waliiogopa. Huja kutoka mashamba ya zamani ya mkonge na karakana zilizofungwa, mizito, yenye kelele na isiyo na umeme wowote wa kisasa ndani yake.

"Hii mipya ni hodari kwa kukata matawi," asema. "Lakini uilaze kwenye gogo la mfenesi, uiambie ipasue futi kumi kwa urefu, utaisikia inalia. Ya kale haijui kulia."

Nayo hiyo ya kale huiongezea nguvu. Hupanua tundu la moshi kwa tupa ndogo ili injini ipumue vizuri, na wapasuaji husema msumeno uliopita mikononi mwake huvuta kama ng'ombe wawili. Bimkubwa aliuongezea nguvu mwenyewe, miaka mitano iliyopita, na hapo ndipo kosa la kwanza lilipozaliwa.

Alipolipanua lile tundu, hakuzilainisha kingo zake vya kutosha. Kila pistoni ilipopanda na kushuka, ringi yake iligonga ukingo ule mkali, na kromu ikaanza kubambuka taratibu. Mwezi wa tatu mwaka huu pistoni ikakwama katikati ya gogo. Alumini ya pistoni ikayeyuka na kuganda ukutani mwa silinda.

"Kosa hilo halimuui mtu," asema Ngowa. "Lililoua ni la pili."

Alumini iliyoganda ukutani huondolewa kwa asidi, ileile inayouzwa madukani kwa kuoshea vyoo. Katika misumeno ya siku hizi, asidi hula alumini ile na kuuacha utando wa silinda salama. Ngowa ameifanya kazi hiyo mara zisizohesabika. Siku ile kibanda kilijaa wateja, Everlyne alikuwa na oda ya milango minne, naye fundi, aliyekwisha kumwahidi kesho, alikuwa na haraka. Akaichovya pamba kwenye asidi, akapaka, akaona povu linachemka, akafurahi.

Povu likaendelea kuchemka.

Misumeno ya kale haina utando wa kisasa, ina kromu tupu, na asidi ile hula kromu kwa uchu uleule. Kromu ya kale huondolewa alumini kwa kostiki ya watengeneza sabuni, tena kwa kugusa madoa peke yake, tone kwa tone. Ngowa alilijua hilo. Alifundishwa Liwatoni, miaka ile ya ufagio. Aliposuuza silinda na kuiangalia kwenye mwanga, upande mzima wa tundu la moshi ulikuwa umebaki alumini tupu ya silinda yenyewe, bila kromu.

"Nilikaa kwenye ndoo nikaitazama," asema. "Nilitamani ningekuwa sijui. Mtu asiyejua husamehewa."

Silinda za msumeno huo ziliacha kutengenezwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Ngowa alipompigia simu Everlyne kumweleza, alijitolea kumtafutia msumeno mwingine. Jibu alilopewa analikumbuka neno kwa neno.

"Sitaki mwingine. Huu umeuua wewe, utaufufua wewe," alimwambia, kisha akakata simu.

Fundi mwenye akili zake angetafuta wa kutia mkebe wa chuma ndani ya silinda. Ngowa aliuliza, akaambiwa ukuta ule umekwisha kuwa mwembamba, hautahimili. Ndipo akavuka mji kwa miguu mpaka uchochoro mmoja nyuma ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, kwa Mzee Kamaludin.

Mzee Kamaludin ana miaka 67, na ukoo wao umekuwa ukitia kromu, nikeli na fedha kwa vizazi vitatu. Madele ya kumiminia kahawa, vitasa vya milango, taa za misikitini, bampa za magari ya kifahari ya zamani, vyote hupita kwenye mapipa yake. Silinda ya msumeno hakuwahi kuishika.

"Shikamoo, ami," Ngowa alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hichi ni nini, kinu cha iliki?"

Ngowa akamweleza. Mzee akaigeuzageuza silinda, akaipiga kwa ukucha, akaisikiliza. Akasema atajaribu.

Wiki moja baadaye alimkabidhi Ngowa silinda iliyofungwa kwa kitambaa cha hariri. Ndani ilikuwa imeng'aa kiasi kwamba, kwa maelezo ya Ngowa, angeweza kunyolea ndevu humo. Alishukuru, akaenda mbio Mbaraki, akafunga pistoni mpya, akauwasha msumeno. Ulinguruma vizuri dakika nane. Ya tisa ukakwama.

Mng'ao wenyewe ndio uliokuwa na ila. Ukuta wa silinda unatakiwa uwe na mikwaruzo membamba inayopishana, ili mafuta yapate pa kushikilia. Ukuta laini kama kioo huyaacha mafuta yateleze, na pistoni ikabaki ikisugua chuma kikavu. Kamaludin, aliyeng'arisha vitu maisha yake yote, alikuwa ameipitisha silinda kwenye brashi yake laini kabisa kwa kumheshimu mgeni.

Ngowa alirudi Ndia Kuu na habari mbili. Kwanza, kromu iwe nene zaidi. Pili, baada ya kuitia, yeye Ngowa ataikwaruza kwa msasa. Mzee aliivuta silinda upande wake.

"Mimi nikupambie kitu, kisha wewe ukikwaruze mbele ya mato yangu," alisema. "Hiyo si kazi, hiyo ni uadui."

Alikubali hata hivyo, na hapa ndipo watu hawa wawili walipokuwa marafiki. Kwa siku mbili Ngowa alikaa uchochoroni akilainisha kingo za lile tundu la moshi kwa tupa na msasa, jambo ambalo alipaswa kulifanya miaka mitano nyuma. Mzee alivua kromu iliyokuwapo, akasimamisha ufito wa madini ya risasi katikati ya silinda ili kromu mpya ishike sawasawa pande zote, akaizamisha. Dele la kahawa hukaa humo robo saa. Silinda ilikaa saa tisa nzima, na mzee alikaa nayo tangu alfajiri hadi alasiri, akiinuka kwa sala na kahawa peke yake.

Msasa ulipopitishwa, alikwenda kusimama nje.

Saa nne na robo, pikapu nyeupe inasimama mbele ya kibanda. Everlyne anashuka, leso imefungwa kiunoni juu ya suruali ya kazi. Hakuja mikono mitupu: nyuma ya pikapu kuna gogo la mfenesi ambalo watu wanne wanalishusha kwa kuguna.

"Hamjambo hapa. Fundi, nimekuletea na chakula chake," anasema, akilionyesha gogo.

Mzee Kamaludin naye yupo, kanzu nyeupe, kofia ya vito na birika la kahawa. Amekuja, asema, kwa sababu ya kahawa. Anamvuta mwandishi huyu kando na kumwomba jambo moja.

"Ukiandika, usitaje kuwa ile kromu iliyofifia kwa msasa ni kazi yangu. Nina jina langu Ndia Kuu."

Ngowa anamalizia kufunga. Anavuta kamba mara moja, kimya. Mara ya pili, kikohozi. Mara ya tatu Bimkubwa unanguruma, na paka wa jirani anahama mtaa.

Everlyne anauchukua msumeno mwenyewe. Hamwachii mfanyakazi, wala hamwachii fundi. Anaulaza kwenye gogo, anaushindilia, na unga wa manjano wa mfenesi unaanza kumwagika miguuni pake. Dakika ya nane inafika. Ngowa hatazami gogo, anatazama saa. Ya tisa inapita. Ya kumi na tano. Mzee Kamaludin ameshika kikombe cha kahawa ambacho hajakinywa, nayo imekwisha kupoa.

Baada ya dakika ishirini na mbili mbao nne zimelala chini, na Everlyne anazima injini. Anaiacha ipoe. Anaomba bisibisi na tochi, anafungua kifuniko cha eksosi mwenyewe, anamulika ndani kwenye tundu la moshi na kuisogeza pistoni taratibu kwa kuvuta kamba.

"Fundi, hebu lete hiyo kucha yako," anasema.

Ngowa anaiingiza. Anapapasa ukingo mmoja, wa pili. Uso wake unafunguka kabla ya mdomo wake, na mzee anakunywa ile kahawa baridi kwa mkupuo mmoja.

"Haijakwama," asema Ngowa kwa sauti kubwa. Hajali nani anaisikia.

Everlyne anaitikia kwa kichwa. Kisha anakwenda kwenye pikapu, anafunua turubali, na kuteremsha misumeno mingine miwili, ya kale kama Bimkubwa, vumbi na mafuta yamegandana juu yake. Anaiweka mezani.

"Hii nilikuwa naipeleka Mtwapa," anasema. "Nimepita bila kusimama."

Ngowa ana mipango tayari, na ameitaja kabla hata hajakauka jasho. Anataka kuwaita mafundi wa misumeno wa kisiwani, Jumapili moja ya mwezi ujao, awaonyeshe silinda mbili kando kwa kando: ya kale yenye weupe wa samawati na ya sasa yenye kijivu, ili pasiwe na mwingine atakayekaa juu ya ndoo kama alivyokaa yeye. Mzee Kamaludin ameahidi kutenga pipa moja kwa silinda peke yake. Amesema litawekwa nyuma kabisa, mahali wateja wa madele hawafiki.

"Kiwanda kidogo cha kurudishia kromu, hapahapa kisiwani," asema Ngowa. "Kuna misumeno ya kale imelala ghalani huku pwani kote, wenyewe wanadhani imekufa. Haikufa. Imevuliwa nguo tu."

Everlyne ameshapanda pikapu. Anateremsha kioo na kuuliza swali ambalo kila fundi wa mji huu huwa na jibu lake tayari mdomoni, nalo jibu ni kesho.

"Itakuwa tayari lini?"

Ngowa anaigeuza misumeno ile miwili, anaifuta vumbi kwa kiganja, anaitazama.

"Sijui bado, mama," anasema. "Kwanza niifungue nijue ina nini ndani."

Everlyne anacheka kwa mara ya kwanza tangu afike, na kuwasha gari.

"Basi chukua muda wako," anamwambia. "Hilo ndilo jibu ulilokosa kunipa mwezi wa tatu."